Ndulele ya kupaka tunayo, ya kunywa hatuuzi

Kila mara inbox swali ni lile lile, eti mna ndulele ya kunywa ya tumbo? Hatuna, na sio kwamba imeisha stoo, ya kunywa hatuuzi kabisa, ngoja tuwaeleze msije mkasema tunabania.

Ndulele, wengine mnaita tunguja, ni kile kichaka cha miba kinachojiotea kando ya njia, maua ya zambarau, tunda la kijani lenye mabakabaka likiiva linakuwa njano. Ni ukoo mmoja na nyanya, bilinganya na viazi, na hapo ndo watu wanapojidanganya, si ndugu yake nyanya bana, itanifanya nini? Itakufanya. Ina sumu za jamii ya solanini, hasa kwenye tunda.

Wazee wameitumia hatubishi, mzizi wanatafuna kwa maumivu ya tumbo na jino, maji ya tunda wanapaka kwenye mapunye na choa. Shida iko kwenye dozi, mti na mti haulingani sumu, kwa hiyo kikombe kilichomsaidia jirani kinaweza kukulaza wewe. Halafu kuna hii ya "nachemsha sana sumu inaisha", haiishi jamani! Solanini inavumilia maji ya moto, ndo maana kiazi kilichogeuka kijani huambiwi ukichemshe zaidi, unaambiwa utupe.

Aliyekunywa akaanza kutapika, kuhara, tumbo kukata, kichwa kuuma au anasinzia sinzia, mpelekeni hospitali na kipande cha mti mkononi daktari akione, msimtapishe kwa nguvu, na dalili zinaweza kuchelewa masaa kadhaa kwa hiyo msiseme mbona yuko poa.

Msiichanganye ndulele na mnavu, mnavu ni kitu kingine, majani yake ni mboga inapikwa, ila vile vitunda vikiwa bado vya kijani msile.

Sasa hii yetu ya kupaka: jaribu kidogo ndani ya mkono usubiri hadi kesho yake, ikiwasha acha. Usipake kwenye kidonda kibichi wala karibu na macho, mjamzito na mtoto mdogo hatuwauzii, msitulaumu. Choa ikikaa wiki mbili haijapungua nenda kliniki, usiongeze chupa ya pili. Na ukimaliza kupaka nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika chakula.