Shukrani kwa mzee wa milima ya Bitterroot

Jumamosi, jua likizama kwenye milima ya Bitterroot, Montana, Marekani, nilimwangusha elki wangu wa kwanza (mnyamapori mkubwa mwenye pembe za matawi): dume la karibu kilo 300, kilomita tatu kutoka garini. Nilikuwa peke yangu na kisu butu.

Mzee mmoja mwenye koti la rangi ya chungwa alisikia mlio wa bunduki akaja. Kwanza alihakikisha nimetoa risasi kwenye bunduki. Akachuna upesi, maana ngozi hushika joto na nyama huharibika, akatia mapaja kwenye mifuko ya kitambaa, akayatundika mtini mbali na dubu. Alfajiri akarudi, tukabeba pamoja safari nne. Nyama niliyompa aliikataa.

Wawindaji wenzangu, mkisikia mlio jioni, piteni mkaulize. Mzee wangu, asante sana. Wanangu wanakula.