Barua kwa mwanangu: usiku mlale

Mama,

Najua ukiona meseji ndefu hivi utasema baba kaanza, ila naomba uisome yote hata kama ni kwa vipande. Utaikuta asubuhi, basi mwakeye, umeamkaje. Sikupigi simu kwa sababu jana nilipopiga nilifoka, na mtu akishafoka maneno yake hayasikiki tena, inabaki sauti tu. Mama yako ndiye kasema andika.

Hii safari nimeikuta kwenye status. Mmekaa juu ya boneti ya ile Ipsum ya mtoto wa shangazi yako, chini umeandika Jumamosi Tabora mpaka Mtwara, Mungu mbele. Shangazi yako hapo Tabora anajua, wadogo zako huku Kigoma wanajua, yule kijana wa duka la mbele ananiuliza eti mzee, binti anaenda Mtwara? na mimi najibu ndiyo, ndiyo, kama mtu mwenye habari zake. Hilo nimelimeza. Nalisema mara moja na silirudii.

Sikukatazi kwenda, uelewe hapo kwanza. Umemaliza form six, chuo mpaka mwezi wa kumi, una miaka 19, leseni unayo na ada ya shule ya udereva nililipa mimi kwa mkono wangu, sasa nikukataze kwa lipi. Kilichonitoa usingizi ni ile voisi uliyomtumia mdogo wako akanisikilizisha, unasema mnatoka Tabora saa mbili usiku ili mfike Dodoma asubuhi, barabara inakuwa tupu na askari wa tochi hawapo. Unaisema unacheka. Hapo ndipo nilipofoka.

Halafu nimekisoma kitabu chako. Kile ulichokiacha kwenye kochi, cha yule mtoto wa Kimarekani wa miaka 16 anayemtorosha bibi yake kwenye nyumba ya wazee ili akamuonyeshe bahari ya upande wa pili. Kingereza changu unakijua, ni cha form four ya zamani, kwa hiyo nimekwenda nacho pole pole na dikshenari ya mdogo wako na bado nimecheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuja kuangalia kuna nini. Yule bibi anayeiba vichupa vya chumvi kila hoteli wanayokula! Na pale polisi anawasimamisha, bibi anajifanya kafa! Nilimtafsiria mama yako pale, naye akasema huyo ni mama yangu mtupu, na kweli.

Sasa nikafika mahali, ukurasa wa mia na kitu, wametoka mji mmoja wanaenda mwingine, mwandishi kaandika tu kwamba waliendesha usiku kucha. Basi. Sentensi moja, aya inayofuata jua limechomoza wanakula mayai. Nilirudi nikaisoma tena, nikaisoma mara ya tatu. Mama, mimi nimeendesha Fuso miaka kumi na moja, hiyo sentensi naijua ina nini ndani. Mle ndani kuna saa tisa ya usiku. Kuna mtu anafungua dirisha apigwe na baridi, anajipiga makofi, anaimba kaswida aliyosahau maneno, anatafuna karanga si kwa njaa ila taya lifanye kazi. Mwandishi karuka vyote hivyo kwa sababu havichekeshi, na yeye anaruhusiwa kuruka kwa sababu mtoto wake kwenye kitabu hawezi kufa ukurasa wa mia, kitabu kitauzwaje. Wewe hakuna anayekuandika.

Na wenzako kule wana nchi nyingine. Majimbo mengi mtoto wa miaka 16 anapewa leseni, haya. Kutoka New York mpaka Los Angeles ni kama kilomita 4,500, na nyie hata nusu yake hamfiki, najua utaniambia hivyo. Lakini barabara zao kubwa zimetenganishwa, wanaokwenda kivyao na wanaorudi kivyao, na kuna sehemu za kupumzika zimejengwa kabisa mtu aegeshe alale. Nyie mnakuja na kurudi kwenye lami moja. Lori likiharibika mwenye lori anakata matawi anayapanga barabarani, ndiyo alama, mchana unayaona toka mbali, usiku unayaona ukiwa umeshayakanyaga na lori lenyewe halina hata taa moja ya nyuma. Na msiseme barabara ni tupu. Hiyo ilikuwa zamani mabasi yalipokuwa hayaruhusiwi usiku. Tangu Oktoba 2023 yanatembea, sasa usiku huo huo mnaousifia kuna mabasi yanakimbizana.

Kuendesha unajua, sisemi hujui. Siku ile ulipoitoa Probox Kibirizi imejaa ndoo za migebuka, tope limejaa, ukapandisha mpaka Mwanga bila kuizima hata mara moja, nilikaa kimya pembeni ila nilimwambia kila mtu sokoni. Kaka yako mpaka leo anaunguza klachi. Shida haiko kwenye mikono yako. Usingizi hauulizi mtu anajua au hajui, tena anayejua ndiye unamkamata kwa sababu kastarehe. Ukiwa spidi 80 kila sekunde gari inakula mita 22. Sinzia sekunde nne tu, hapo umekwenda karibu uwanja wa Lake Tanganyika goli mpaka goli, na macho umefumba.

Ule mkono wa baba yako mdogo.

Nyie nyote mmekua mnajua chanzo ni ng'ombe. Tulikuwa tumeshashuka mlima Sekenke na mzigo wa dagaa, tumeingia bonde la Wembere, pale barabara imenyooka kama rula, hakuna kona ya kukuamsha. Yeye alikuwa tingo wangu, alikuwa ameniambia toka Singida kaka tulale, nikamwambia tajiri anasubiri. Ng'ombe alikuwepo kweli. Alikuwa pembeni kabisa huko kwenye majani, amelala, na hata baada ya Fuso kupinduka hakuinuka, alitugeuzia kichwa tu. Mimi na yule ng'ombe tulikuwa tunafanya kitu kimoja. Dagaa zimemwagika barabara nzima, harufu ile mpaka leo nikiipata usiku natoka nje. Basi, ndiyo hivyo. Baba yako mdogo hajawahi kunisahihisha hata mara moja nikisimulia ile ng'ombe iliyokatiza, na wewe ukija usimuulize.

Kwa hiyo usiku mlale. Mtoke Tabora Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mmeshakunywa chai. Mtapita Nyahua na Chaya, lile pori ndilo lilikuwa la mwisho kuwekwa lami kwenye njia hiyo, zamani tulikuwa tunalikwepa tunazungukia Nzega. Sasa ni mkeka, lakini ni pori bado, mbung'o wapo, msisimame simame kupiga picha na madirisha wazi. Itigi, Manyoni, jioni mko Dodoma. Nimekutumia elfu sitini kwenye simu, hiyo ni ya gesti, vyumba viwili, wewe na mwenzako chumba kimoja na wale wavulana chumba chao, na nitamuuliza shangazi yako, msije mkalala kwenye gari mkala hela. Jumapili mnaondoka Dodoma kumeshakucha. Mnalala Dar, Mbagala kwa mama mkubwa, tayari mko kwenye barabara ya kusini, asubuhi hamhangaiki na foleni ya mjini. Jumatatu Mtwara. Dar mpaka Mtwara ni kama kilomita 560 na pale Rufiji mna daraja, sisi kabla ya 2003 tulikuwa tunakaa kwenye foleni ya pantoni tunavua samaki. Msafiri wa zamani hakuwa na haraka kama nyie. Huyo Stanley mnayefundishwa shule alitoka Bagamoyo 1871 akachukua zaidi ya miezi saba kufika hapa Ujiji, na katikati alikaa Kwihara, hapo hapo karibu na kwa shangazi yako. Na jua likizama mara nyingi walikuwa wameshapiga kambi.

Simu inakuonyesha masaa ya kufika, najua, hata mimi nimeangalia. Simu haisinzii.

Gari yenyewe niambie rejeta imekaaje, maana Ipsum zile zikichoka zinachemsha kwenye mlima. Angalieni spea ina upepo na jeki inapanda kweli, msiwe watu wa kugundua jeki mbovu mkiwa Chaya. Triangle mbili, mtungi wa kuzimia moto usiwe umepitwa na tarehe, askari wanapenda sana huo mtungi. Kwenye vijiji ni 50, elfu thelathini ya faini ni chumba cha gesti hiyo. Na mkisimamishwa hakuna wa kujifanya kafa.

Mmeniambia madereva mko wawili, wewe na mtoto wa shangazi. Yeye namjua anavyokaa kwenye simu mpaka saa nane za usiku. Mtu wa hivyo hata mchana ni wa kumuangalia, sio asinzie kwenye usukani mkasema Mungu mbele. Ukimuona anajikuna kuna shingo na anaacha kuongea mwambie egesha, usimuonee aibu eti gari ni la kwao. Mimi niliambiwa nikasema tajiri anasubiri.

Huku ni wazima. Mama yako presha imetulia, anakunywa dawa ila ananificha chumvi anayoongeza kwenye mboga, sasa namuita yule bibi wa kwenye kitabu. Bati la jikoni limeanza kuvuja upande wa kwenye sufuria kubwa, fundi kasema bati tatu, mimi naona mbili. Kuku wako mweupe ametotoa tisa, wamebaki saba, mwewe. Mawese yamepanda bei tena na dagaa mwezi huu ni za kusuasua mpaka giza la mwezi lirudi. Nilimpa mtu wa basi ndoo ya migebuka mikavu na dumu la mawese wiki iliyopita wampelekee shangazi yako, ndoo ikafika, dumu halikufika, na kila mtu kwenye ile ofisi yao anamuangalia mwenzake. Wewe ukirudi, asali. Ile nyeusi ya Tabora, na usinunue stendi, mwambie shangazi yako akupeleke kwa yule mzee wake, ya stendi ina sukari guru.

Mdogo wako kafeli hesabu tena anasema mwalimu hafundishi. Mlikuwa mnaambizana hivyo hivyo.

Yaani hata kunipigia tu, baba nataka kwenda Mtwara, dakika moja. Nilisema silirudii, basi nimeshalirudia. Labda ulijua nitakataa. Mama yako anasema nilivyokuwa nawaogopesha na barabara toka mna miaka mitano ndiyo maana mnaniambia mambo yakishaiva, anasema mtu aliyeendesha usiku miaka yote anawezaje kukataza watoto mchana. Nikamwambia mchana sikatazi.

Kila mkifika mahali nitumie picha ya kibao cha mji, sio selfi, kibao. Manyoni, Dodoma, Gairo, Morogoro, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ile ya Jumamosi jioni ndiyo naisubiri zaidi ya zote, nataka kuona kitanda cha gesti na wewe umekaa juu yake umevua viatu. Simu yangu itakuwa hewani. Na kama mmeamua kutoka saa mbili ile ile ya usiku, mama, nipigie kabla hamjawasha gari, sitafoka, nitakaa na wewe kwenye simu mpaka Dodoma, nitakuwa naongea tu, hata ya bati na kuku, vocha nitanunua mimi.

Luku inaonyesha uniti nne, mama yako anasema nizime taa. Kitabu nimebakiza kurasa arobaini. Yeye anataka kujua kama bibi anafika baharini, akikuuliza usimwambie, tunasoma wote kidogo kidogo.

Baba yako.

Hizo elfu sitini nijibu kama zimeingia.