Baridi ya Ngorongoro: matandiko ya watoto

Wazazi, habari za jioni. Jumamosi tunalala kambi ya mahema ya Simba A, ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya kule si hii ya Arusha mjini. Nayo hupanda kutoka ardhini, kwa hiyo godoro la sponji au blanketi zito litangulie chini ya mtoto, la kujifunika lifuate. Kabla ya kulala abadilishwe nguo zote, hata soksi, maana za mchana zina jasho. Kofia ya sufu pia. Jiko la mkaa ndani ya hema HAPANA, hata likibaki makaa mawili: hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na inaua. Wenye watoto wachanga nipigieni leo, tuongee. Uji wa asubuhi napika mimi.