Moto wa Kilimanjaro usisubiriwe kwa matawi mabichi

Mhariri,

Oktoba ikikaribia, sisi wa Marangu huutazama mlima kwa hofu. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, wanapopumzika wageni kati ya vituo vya kulala vya Mandara na Horombo, na usiku ukaonekana hadi Moshi mjini. Taarifa za awali zilitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Oktoba 2022 ukawaka tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga.

Kila mara analaumiwa mpagazi au mrina asali, na mjadala unaishia hapo. Ni kweli, cheche hutoka mkononi mwa mtu. Ila ikiangukia nyasi mbichi hufa palepale. Vuli ikichelewa na vichaka vikakauka wiki baada ya wiki, cheche ileile, kwa upepo wa kule juu, hula mlima siku nyingi. Mabadiliko ya tabianchi tunayohubiriwa mikutanoni, huku kwetu ndiyo hayo.

Watu wa mbali huulizia theluji. Nawasihi waulizie miti ya Erica, ile yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia juu ya msitu. Miti hiyo hunasa ukungu na kuudondosha ardhini tone kwa tone. Watafiti walioufuatilia mlima huu kwa miongo kadhaa wameonyesha kwamba maji tunayoyakosa inapoungua ni mengi kuliko yale yatokayo kwenye barafu. Tangu miaka ya 1970 moto umekuwa ukishusha mpaka wa juu wa msitu. Mifongo, mifereji yetu ya asili inayonywesha migomba, inategemea msitu huo, na maji yakipungua huku, bwawa la Nyumba ya Mungu nako yanapungua.

Mwaka 2020 watu wapatao 500 walipanda kuuzima, wakiwemo wanakijiji na wanafunzi, wengine wakiupiga kwa matawi. Nawashukuru mpaka leo, na sitaki kuwaona tena wakipanda hivyo.

Naomba kila kijiji kinachopakana na Nusu Maili, ule ukanda wa msitu ulio jirani na vijiji, kiwe na kikosi kilichofunzwa na kinacholipwa, chenye viatu, redio na pampu za mgongoni. Kampuni za utalii nazo ziwape wapagazi majiko ya gesi ya kutosha. Kabla Septemba haijaisha, tutangaziwe kwenye mikutano ya vijiji pampu ziko wapi na ufunguo wa stoo anao nani.

Mkulima wa kahawa na ndizi,
Marangu