Barua ya wazi kwa Master of the Rolls: majalada ya Kenya yarudi Nairobi

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa wenye dai hili ndio wasomaji wake. Wakalimani London hawakosekani.

Cheo chako, ambacho leo ni cha jaji mwandamizi wa Uingereza, kinatajwa tangu 1286, mwenye cheo hicho alipokuwa mtunza hati za Chansela, zile za ngozi zilizoviringishwa. Sheria ya 1838 ilimkabidhi kumbukumbu za serikali, ya 1958 ikamwondolea mzigo huo. Ila hadi leo wewe ndiye mwenyekiti wa baraza linalomshauri waziri kuhusu nyaraka za taifa lenu na zipi ziendelee kufungwa. Ndiyo maana barua inakujia wewe.

Wenzako wana kumbukumbu kali. King's Remembrancer, afisa aliyewekwa na Henry II mwaka 1154 ili madai ya mfalme yasisahaulike, bado yupo kazini. Kila mwaka Jiji la London hufika mbele yake na viatu sita vya farasi na misumari 61, kodi ya kiwanja cha mhunzi karibu na Strand. Mhunzi hayupo, kiwanda hakipo, na misumari inahesabiwa vilevile, kwa sauti.

Karatasi za serikali ya kikoloni ya Kenya hazikupata bahati ya misumari hiyo. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza serikali za uhuru zisiachiwe chochote cha kuiaibisha serikali ya Malkia au kuwafichua watoa habari wake. Nyingine zichomwe na majivu yapondwe; au zitiwe masandukuni na kuzamishwa kwenye maji ya kina yasiyo na mkondo, mbali kabisa na pwani. Zilizonusurika zikapelekwa Uingereza. Kenya iliziomba mwaka 1967, ikanyimwa. Zilikaa Hanslope Park, kituo cha serikali yenu chenye ulinzi mkali, hadi 2011, wazee walioteswa enzi za Mau Mau walipokuwa mahakamani London wakiidai haki yao. Ndipo yakaibuka majalada yapatayo 1,500, katika masanduku kama 300. Mwaka 2013 serikali yenu ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.

Majalada yalihamia Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa lenu, si Nairobi. Tunaambiwa ni mali ya Uingereza. Mali kwa hesabu ipi? Makarani walioyaandika walilipwa kwa kodi ya kichwa na ya nyumba iliyotozwa wazee wetu, na wengi wa walioandikwa humo walikuwa vizuizini.

Tunaomba baraza lako limshauri waziri arudishe nakala halisi kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue. Kew ibaki na picha. Binti wa mfungwa wa kambi ya kizuizi ya Hola asitafute viza ili asome jina la baba yake.

Na jambo jingine. Maafisa walitakiwa kutuma London vyeti vya kuthibitisha walichokiteketeza. Vyote vilivyosalia vichapishwe, koloni kwa koloni, tujue angalau kilichochomwa kilihusu nini.

Wako,
Msomaji wa historia, Mombasa