Hilo pengo mnaloliandika: barua kwa vijana wa baraza letu, Langoni, Amu (Lamu)

Vijana wangu, assalaam aleykum.

Jumapili usiku nilikuwa gatini nimeshika tochi, nanyi mkimteremsha mwenzenu kwenye boti la kuvuka kwenda Mokowe, bara. Shingo ilikuwa imevimba hata kidevu hakijulikani kilipo, udenda unamchuruzika kwa kushindwa kumeza mate. Jina silitaji, mnamjua nyote. Alhamisi iliyotangulia alikuwa nasi msikitini kwenye hitima ya kaka yangu, daktari wenu wa meno, anakunywa kahawa kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamuuliza ana nini. "Jino tu, Ami."

Alhamdulillahi yuko hai. Mombasa walimpasua chini ya taya, wakatoa usaha, na jana amekunywa uji. Sasa naweza kukasirika kwa raha zangu.

Nilikuwa nimekaa niandike maneno mawili matatu ya kumkumbuka kaka, kumbe nyinyi mmeshaandika mengi kwenye simu zenu. Mjukuu wangu amenionyesha. Picha yake ya kanzu na koti, na chini yake karibu kila mtu: "Ameacha pengo lisilozibika." Kaka angecheka hadi akohoe. Umri wake wote kazi yake ilikuwa kuwakinga na mapengo, nanyi mkipita mlangoni kwake, "Shikamoo, Ami Daktari," kisha mnaharakisha kama mnaodaiwa. (Wengine mlikuwa mnadaiwa kweli, nitafika huko.)

Alinizidi miaka saba. Mimi mnanijua, nashona kofia za vito, zile za vitundu vitundu, hapo hapo barazani, na yeye akinitania: "Wewe unatoboa vitundu, mimi naziba, na sote tunapofuka." Alisomea Nairobi, akaanzia kazi Nakuru, na huko aliona watu wazima wenye meno ya kahawia yenye mabaka, akadhani ni tumbaku. Kumbe ni maji ya visima vya Bonde la Ufa, yamejaa floridi, na mtoto anayeyanywa meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi hutoka nayo hivyo hivyo hadi kaburini. Aliporudi Amu alikuwa akisema watu wa huko wana meno yenye madoa na wanayahangaikia, sisi Mungu ametupa meno meupe tukayaozesha wenyewe.

Chumba chake mlikuwa mkisema kinanuka dawa. Ile ni karafuu. Mafuta ya karafuu na unga wa zinki, anakorogea kwenye kigae cha kioo kwa kijiko chembamba hadi unakuwa kama lami nyeupe, huo ndio alikuwa akizibia tundu kwa muda. Bibi zetu waliotia karafuu kwenye jino bovu hawakuwa wajinga, basi. Ila karafuu hutuliza tu. Tundu liko pale pale.

Na mtoto akiketi kitini hakumwambia hata siku moja kwamba haitauma. Alikuwa akimpa kioo kidogo ashike mwenyewe, anamwambia, "Njoo uone. Sindano itauma ukihesabu mpaka tano, kisha itakwisha." Wakihesabu pamoja. Nilimuuliza mbona hawadanganyi kama wenzake, akaniambia akimdanganya leo, mtoto huyo hatarudi tena mpaka awe na ndevu na shavu limevimba.

Hapo ndipo penye hasira yangu, kwa sababu mnarudi mkiwa na ndevu na shavu limevimba.

Nisikilizeni vizuri. Jino likianza kuoza haliumi. Ule ukoko mweupe wa nje ni mgumu kuliko mfupa na hauna mshipa wa fahamu, kwa hiyo tundu linachimbika miezi, pengine mwaka na zaidi, na wewe unatafuna mishikaki yako. Siku ulipoanza kushtuka kwa maji baridi, bado kaka angeliziba kwa nusu saa. Mwenzenu alianza kushtuka kabla ya Ramadhani, kaka angali mzima, mlango u wazi, hatua arubaini kutoka barazani. Badala ya kuzipiga hatua hizo, kila usiku baada ya tarawehe alisaga aspirini akaishindilia kwenye tundu. Aspirini ni ya kumeza. Ukiilaza juu ya ufizi inauunguza, na mamake ananiambia ufizi ulikuwa mweupe unabambuka kama ngozi iliyomwagikiwa chai.

Kisha baada ya Idi jino likanyamaza. Akaja barazani anasema limepona! Nanyi mkamwambia, "Hatukukwambia? Aspirini ni kiboko!" Nilikuwepo, nilikuwa nashona, nami nikanyamaza, na hilo nitaulizwa. Jino linalouma wiki tatu kisha likanyamaza lenyewe, mshipa wake umekufa ndani. Usaha unatafuta njia. Wa magego ya chini hushuka chini ya ulimi na shingoni, na ukifika hapo unabana njia ya pumzi. Kaka alimpoteza mvuvi mmoja wa visiwani namna hiyo, kabla hamjazaliwa. Aliletwa kwa mashua ya tanga wakati wa pepo za kusi, akafika asubuhi hawezi tena kusema shahada kwa sauti. Kaka hakula siku ile. Kila anayesema "jino tu" mbele yake alikuwa akimtolea macho.

Mengine nayasema kwa ufupi, maana alishawaambia. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kutoka. Msiseme "acha, hilo litang'oka" kwa sababu halina badala. Msimlaze mtoto na chupa ya chai ya sukari mdomoni. Mtoto akiharisha msimpeleke kuchokorwa ufizi eti ana meno ya plastiki, hizo ni chembe za meno yake ya kweli. Usiku pigeni mswaki, mteme, msisukutue povu lote. Mswaki wa mti ni sunna na ni mzuri, ila hauingii kwenye magego ya nyuma kama mnavyoupitisha mbele tu mkienda msikitini.

Na muguka, hayo majani mnayotafuna. Mwaka 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipoupiga marufuku na mahakama ikasimamisha amri, mlibishana hapa hadi alfajiri. Kaka aliwasikia dirishani, akaniambia hawajui hata kinachowaua meno ni nini. Soda mkiinywa na chakula mkaimaliza, mate yanaosha. Nyinyi mnateremshia muguka kwa soda, funda funda, na bazoka mdomoni, tangu magharibi hadi saa saba usiku, na kila funda linaamsha asidi kwa karibu nusu saa. Meno yanapumzika saa ngapi?

Sisi wazee nasi tusijitoe. Zulia la msikiti tulilichangia jioni moja likanunuliwa. Mkono wa kiti cha kaka ulipovunjika, aliufunga kwa kamba ya mashua mwaka mzima na hakuna aliyeuliza. Na wakubwa wa serikali nao wajue, mtu wa kisiwa cha Kiwayu au Ndau akiumwa jino, boti ya kumleta inamgharimu kuliko jino lenyewe. Anangoja. Kama mlivyongoja nyinyi, ila yeye ana sababu.

Sasa lile la deni. Siku ya maziko tulitangaza kama ilivyo ada, anayemdai marehemu ajitokeze. Akajitokeza mwenye duka, shilingi mia mbili na themanini, betri na majani ya chai. Wanaodaiwa na marehemu hawakutangaziwa. Daftari nimelikuta chini ya mto wake. "Kung'oa moja, kilo mbili za samaki tafi kusi ikiisha." "Kuziba mawili, atalipa mkeka." "Huyu usimdai." Hiyo ya mwisho imerudiwa mara nyingi kuliko zote. Wanawe wamesamehe lote. Ila aliyeandika "pengo lisilozibika" kwa herufi kubwa na vimoyo vitatu yumo ukurasa wa tano, tangu mwaka juzi.

Jumamosi baada ya alasiri kijana aliyekuwa akijifunza kwake atafungua chumba. Kiti tumekitengeneza. Mwenye mtoto wa miaka sita amlete, na nyinyi wenyewe mje, kumi na mmoja nimewahesabu. Nitakaa mlangoni na kofia yangu na sindano. Kioo cha watoto ninacho mimi.

Ami yenu