Kufundisha Kiingereza Thailand: Upitie kwa Wakala au Utafute Shule Mwenyewe?

Walimu wa Kenya na Tanzania hutuuliza hili kila muhula. Kwanza tuiweke Korea Kusini kando. Viza yake ya walimu wa lugha, E-2, kwa upande wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Anayekuuzia nafasi ya kufundisha Seoul kwa viza hiyo, nawe una pasipoti ya Nairobi au Dodoma, anakuuzia hewa.

Thailand mlango upo, ila una masharti: digrii, cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokizungumza (kwa kawaida cha saa 120), cheti cha polisi cha tabia njema, na matokeo ya mtihani wa Kiingereza, mara nyingi TOEIC alama 600 au zaidi. Mtihani utadaiwa hata kama umesoma kwa Kiingereza maisha yako yote. Inaudhi, lakini bishana nao baada ya kupata kazi.

Sasa, wakala au mwenyewe? Elewa kwamba hata anayejitafutia hafanyi kazi bila mwajiri. Viza ya Non-Immigrant B, yaani ya kazi, huombwa kwa barua na nyaraka za mwajiri, na kibali cha kazi huandikwa jina lake. Ukiacha kazi, ruhusa ya kukaa nchini huisha pamoja nayo. Ukipitiliza muda, faini ni baht (sarafu ya Thailand) 500 kwa siku, hadi baht 20,000. Kwa hiyo jambo la kuuliza mapema ni jina la nani litaandikwa kwenye kibali.

Mawakala wako wa namna mbili, na watu huwachanganya. Wa kwanza unamlipa wewe kabla ya safari: anakupa kozi, maelekezo na shule, kisha shule inakuajiri moja kwa moja. Kwake dai orodha ya maandishi ya kilichomo kwenye ada. Tiketi, viza na kibali mara nyingi havimo. Wa pili yuko Thailand, hakutozi kitu. Yeye ndiye mwajiri, anakupeleka shuleni, shule inamlipa yeye, naye anakulipa sehemu yako. Huyu ana faida kwa mgeni: makaratasi anayajua, na shule ikikukataa anaweza kukupeleka nyingine. Ubaya wake uko kwenye miezi. Shule hufunga kati ya Machi na katikati ya Mei, na tena Oktoba, na mikataba mingi ya mawakala hulipa miezi 10 tu. Piga hesabu: baht 25,000 kwa miezi 10 ni 250,000. Shule inayokuajiri yenyewe kwa baht 23,000 miezi 12 inakupa 276,000. Mshahara "mdogo" umeushinda mkubwa kwa zaidi ya mshahara wa mwezi mzima.

Ukijitafutia, tuma maombi Februari hadi Aprili kwa muhula wa Mei, au Septemba na Oktoba kwa muhula wa Novemba. Weka akiba ya miezi miwili. Mwenye nyumba kwa kawaida hutaka amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja, yaani chumba cha baht 5,000 kinakumeza 15,000 siku ya kwanza, na ukianza kazi katikati ya Mei mshahara wa kwanza ni nusu.

Panapoharibika zaidi ni kwenye ile kauli ya "njoo na viza ya utalii, tutabadilisha ukifika". Kubadilisha ndani ya nchi kunawezekana, lakini ruhusa yako iwe imebakiza angalau siku 15 na nyaraka za shule ziwe tayari. Zikichelewa, utatoka nchini na kuomba upya kwa gharama yako. Wakati huo huo wanakutaka darasani, na kufundisha bila kibali ni faini ya baht 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa kwenu.

Wakala wa hapa nyumbani mkague kabla ya kulipa: Kenya, kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, Tanzania, uliza TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Na jambo moja zito. Wakenya, Waganda na Watanzania wamewahi kuitwa Thailand kwa kazi za uongo, wakavushwa mpakani Mae Sot, mji wa Thailand, hadi Myawaddy, Myanmar, kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Mae Sot kuna shule halali pia, ila ipigie simu shule yenyewe, kwa namba uliyoitafuta wewe. Kama shule haina jina, usipande ndege.

Ukituletea mkataba tuupitie, leta kurasa zote, pamoja na nakala ya Kithai. Humo mara nyingi kuna kifungu kinachosema nakala zikitofautiana ifuatwe ipi, na kwa kawaida si ile ya Kiingereza uliyoisoma.